Bwana Ma au Bwana Long?

SWALI: Mimi ni mtangazaji wa michezo katika redio ya jamii mkoani Tanga. Tukitangaza mpira wa meza, mwenzangu humwita yule bingwa wa China, Ma Long, kwa jina "Long". Mimi nasema "Ma". Yeye anashikilia kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, na kwamba "Ma" peke yake ni kiambishi, msikilizaji atabaki akingoja neno liishie. Nani yuko sahihi? Wakiwa wengi wenye jina hilo, tuwaiteje? Na je, ni kweli kwamba ni jina la Waislamu?

JIBU: Sema "Ma". Wachina hutanguliza ukoo, kisha mtu mwenyewe. Wakorea na Wavietnamu nao hufanya hivyo. Mwenzako ameponzwa na lile neno la kwenye fomu zetu, "jina la mwisho", ambalo kwa maoni yangu lingeachwa kabisa. Fomu ikiuliza "jina la ukoo", Mchina na Mdigo wote wawili watajua waandike nini.

Kuna jambo la adabu pia. Sisi heshima tunaitundika kwenye jina lolote: Rais Samia anatajwa kwa jina lake mwenyewe, Mwalimu Nyerere kwa jina la baba yake, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa Wachina cheo hushikamana na ukoo: Rais Xi, Mwalimu Ma, Daktari Ma. "Bwana Long" masikioni mwao hakukai sawa. Mtu mwenye jina fupi kama hili, hata rafiki zake mara nyingi humwita kwa majina yote mawili, Ma Long, kana kwamba ni neno moja. Kwa hiyo ukianza na "Ma Long" kisha ukaendelea na "Ma", utakuwa umefuata desturi yake na sarufi yetu pia.

Tahadhari ni kwa wale waliojipanga kwa mtindo wa Kizungu. Mfanyabiashara Jack Ma kwa Kichina ni Ma Yun. Mwanamuziki Yo-Yo Ma, mpiga selo aliyezaliwa Paris, naye ameweka ukoo mwisho. Hao tuwaache walivyojiandika. Ukoo haubadiliki, bado ni Ma.

Kuhusu kiambishi, sioni tatizo. Kiambishi ma- hakisimami peke yake, na kitenzi kinachofuata humtoa msikilizaji wasiwasi: "Ma ameshinda", "Ma anapiga kwa nguvu". Ile a- ya upatanisho inatangaza kwamba anayetajwa ni mtu. Ukitaka kulainisha zaidi, tanguliza neno: "bingwa Ma", "mchezaji Ma". Katika maandishi herufi kubwa inatosha. Ila angalieni tofauti hii, nimeiona ikichanganywa magazetini: "jina la Ma" ni jina alilo nalo huyo Ma, lakini "jina Ma" ni hilo jina lenyewe. Na msiunganishe mkaandika "Malong". Jina la pili likiwa na silabi mbili, hapo ndipo huunganishwa: Ma Zhiyuan, mtunzi wa tamthilia wa enzi ya Yuan, si "Ma Zhi Yuan". Taiwan wana kistari, kama kwa Ma Ying-jeou aliyekuwa rais wao kuanzia 2008 hadi 2016. Huko Malaysia mtakutana na "Mah", ambayo ni herufi ileile ya Kichina.

Herufi hiyo maana yake ni farasi. Jina lakini halikutokana na ufugaji. Takriban mwaka 270 KK jemadari Zhao She, wa dola ya Zhao, aliwashinda vitani watu wa dola jirani ya Qin, akatunukiwa cheo cha Bwana wa Mafu. Wajukuu zake wakajiita Mafu, baadaye wakakata wakabaki na Ma. Ukoo ulianza na askari, na uliendelea kuzaa askari. Ma Yuan, jemadari wa enzi ya Han aliyefariki mwaka 49 BK, anakumbukwa kwa kusema kwamba mwanamume afie mpakani na maiti yake irudishwe kwao imeviringishwa katika ngozi ya farasi. Wachina wanayatumia maneno hayo hadi leo. Jihadharini tu, yuko na Ma Yuan mwingine, mchoraji mashuhuri wa enzi ya Song, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Kwa Kichina herufi zao za "Yuan" ni tofauti. Kwetu tofauti hiyo haionekani, basi andikeni "jemadari Ma Yuan" na "mchoraji Ma Yuan".

Sasa Uislamu. Si kila Ma ni Mwislamu. Akina Ma wote niliowataja hadi hapa hawakuwa au si Waislamu. Lakini kati ya Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, hakuna jina lililoenea kama hili. Sababu yake inamgusa Mswahili moja kwa moja: ni Muhammad. Jina la Mtume lilipoandikwa kwa herufi za Kichina, mara nyingi lilianza na herufi ya Ma. Waislamu waliotoka Asia ya Kati na Uajemi walipokuwa Wachina kwa lugha na mavazi, hasa chini ya enzi ya Ming iliyoanza 1368, walihitaji ukoo wa Kichina, na wengi wakashika silabi hiyo. Nasruddin nalo lilizaa koo za Na na Ding. Mimi napenda sana habari hii. Mtu kabanwa na dola abadilishe jina, naye anatafuta humohumo ndani ya Kichina mahali pa kuhifadhi jina la Mtume wake.

Humo ndimo alimotoka mtu ambaye pwani yetu inamjua kwa jina lingine. Zheng He, mkuu wa misafara ya merikebu za Ming, alizaliwa Yunnan mwaka 1371 akiwa Ma He, mtoto wa Mwislamu ambaye jiwe la kaburi lake linamtaja kwa heshima ya Haji. Alitekwa utotoni, akahasiwa, akatumikia nyumba ya mwana wa mfalme. Mwaka 1404, huyo bwana wake akiwa sasa ni mfalme Yongle, alimpa ukoo mpya, Zheng. Kuanzia 1405 hadi 1433 misafara saba iliondoka China, na baadhi ya merikebu zake zikafika Malindi. Twiga wa Malindi alikuwa amefikishwa mbele ya Yongle mwaka 1415. Basi katika vitabu vyetu vya historia huyu ni "Zheng", kamwe si "Bwana He". Vitabu vya zamani vina "Cheng Ho", mwandiko uliotangulia huu wa sasa, kama vile waziri mkuu Zhou Enlai alipozuru Tanzania mwaka 1965 alivyoandikwa "Chou En-lai". Jina Ma halikuguswa na mageuzi hayo. Mkalimani wa Zheng He, Mwislamu Ma Huan, ameandikwa vilevile kwa miandiko yote miwili.

Mkitangaza wanawake, kumbukeni kwamba Mchina akiolewa habadili ukoo. Mke wa Rais Xi ni Peng Liyuan, kwa hiyo ni Bi. Peng. Hata mke wa mwanzilishi wa enzi ya Ming, mfalme wa ukoo wa Zhu, historia inamwita Malkia Ma. Hili lisitupe taabu, maana Fatma binti Salim wa Unguja naye huolewa akabaki binti Salim.

Na wakiwa wengi? Msiseme "Wama", maana wa- ya namna hiyo tunaitumia zaidi kwa kabila au taifa. Semeni "akina Ma" kwa watu, na "ukoo wa Ma" kwa nasaba. Katika mpira wa meza mtalihitaji hilo: Ma Lin alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja Beijing mwaka 2008, na Ma Long akaitwaa Rio 2016 na tena Tokyo. Mkiwataja wote katika habari moja, tumieni majina kamili kila mara, "Ma Lin" na "Ma Long", hata kama ulimi utachoka. Mkikata mkabaki na "Lin" na "Long" ili kuwatofautisha, mtarudia kosa la mwenzako.