Kazi ya Ardhi Katika Mafuta na Gesi Haiishii Tena Kwenye Fidia

Nilipoanza kazi ya utwaaji wa ardhi kwa miradi ya gesi kusini mwa Tanzania, vifaa vyangu vilikuwa futi kamba, kopo la rangi nyekundu na fomu za uthamini. Hodari alikuwa yule aliyemaliza mashamba mengi kabla ya jua kutua. Tulihesabu mikorosho na minazi, mwenye shamba akaweka dole gumba, mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri, tukahamia kitongoji kingine.

Siku moja niliandika shamba zima kwa jina la baba mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele yangu. Mke wake mdogo alinionyesha mpaka wa minyaa na kunieleza kwamba mikorosho ya upande wa kisimani aliipanda yeye, nami nikamwambia wayamalize nyumbani. Fidia ililipwa, yule mama hakuona hata shilingi, na mwaka uliofuata nilimkuta akifanya kibarua cha palizi kwa jirani. Ushauri wangu kwa vijana wanaoingia katika kazi hii unaanzia hapo.

Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa yake imo Tanzania. Miradi ya ukubwa huo hupimwa kwa Kiwango Namba 5 cha IFC, taasisi ya Benki ya Dunia inayokopesha sekta binafsi, kinachodai maisha ya watu yarejee angalau pale yalipokuwa, hata baada ya fedha kulipwa. Ndiyo maana waliosomea kilimo na maendeleo ya jamii sasa wanaajiriwa bega kwa bega na wapimaji na wathamini.

Tableti huchukua alama za mpaka kwa dakika chache, lakini haiulizi nani analima, nani anavuna, wala nani amezikwa chini ya mwembe. Jifunze kuuliza hayo, na uzungumze na akina mama peke yao, saa ambayo wamesharudi kutoka shambani. Isome Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 mpaka uweze kumweleza mzee bila kufungua karatasi. Lalamiko liandike kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, kisha urudi na jibu, hata kama jibu ni hapana.

Na ukiitwa kwenye usaili, uliza mradi umetenga miezi mingapi ya kuwarudia watu baada ya malipo.