Mjusi wa kwenye mbuyu: ni spishi mpya?

SWALI: Ndugu mhariri, kwenye mbuyu wa shambani kwetu Mpwapwa kuna mjusi kafiri mkubwa kuliko wa ndani ya nyumba. Mchana ni wa kijivu kizito, usiku anapauka, na mkia wake ni laini. Je, ni spishi mpya? Na jina lake naweza kulitoa mimi?

JIBU: Rangi iweke kando. Mijusi kafiri wa jenasi ya Hemidactylus hupauka usiku na kukoza mchana. Wa majumbani mara nyingi ni Hemidactylus mabouia. Kwenye mibuyu ya Afrika Mashariki hukaa pia Hemidactylus platycephalus, mkubwa zaidi, aliyekwisha kupewa jina tangu 1854. Mshuku huyo kwanza.

Mkia nao hupotosha wengi. Ukikatika, unaoota upya una gegedu badala ya pingili za mfupa, na magamba yake hayafanani na ya awali. Ndiyo maana mwili hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, kuanzia ncha ya pua hadi tundu la haja, na mkia hupimwa peke yake.

Ushahidi mzuri uko vidoleni. Mtie kwenye chupa safi ya kioo. Akipanda ukutani, mpige picha nyayo kwa nje. Hemidactylus ana vibao vya kunatia vilivyogawanyika safu mbili chini ya kila kidole. Lygodactylus, jenasi nyingine ya mijusi kafiri, ni mdogo, hutembea mchana, mboni yake ni duara, kidole chake cha kwanza kimebaki kijinundu tu, na hata ncha ya mkia ina vibao. Hesabu vibao vya kidole cha nne cha mguu wa nyuma. Kwa dume, hesabu pia vitundu vya nta vilivyo mbele ya tundu la haja na mapajani. Jike mwenye uvimbe mweupe shingoni si mgonjwa. Hiyo ni akiba ya chokaa ya maganda ya mayai.

Piga picha pia za mgongo, tumbo na ubavu wa kichwa, rula ikiwa pembeni. Andika tarehe, saa, aina ya mti na kimo kutoka ardhini, kisha mwachie palepale. Picha zipelekee idara ya zuolojia ya chuo kikuu au TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Usimuue: kukusanya sampuli kunahitaji vibali.

Mtafiti mwenye kibali hukata kipande cha ini na kukitia kwenye alkoholi ya asilimia 95 kabla mwili haujaguswa na formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Akikosea mpangilio huo, sampuli imepungua thamani moja kwa moja. Kisha hulinganisha na vielelezo vya makumbusho, vikiwemo vyenye majina ya zamani yaliyosahaulika. Kazi hii ndiyo ngumu kuliko zote. Akiridhika, huteua sampuli moja ibebe jina, yaani holotaipu, na kuchapisha maelezo ya tofauti zote.

Jina hutolewa na mwandishi wa maelezo hayo. Unaweza kumpendekezea la mahali, kama mtaalamu wa mijusi na nyoka Arthur Loveridge alivyofanya 1923 kwa mjusi Agama dodomae, jina linalotokana na Dodoma.

Mahali penyewe pasitangazwe. Lygodactylus williamsi, mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, alivunwa sana kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, na mikadi anayoishi ikakatwa ili akamatwe. Viwianishi vya mbuyu wenu, yaani namba za mahali ulipo kwenye ramani, mpe mtafiti peke yake. Mtandaoni “Wilaya ya Mpwapwa” inatosha.