Nathan Chen, Pyeongchang 2018: alama hujumlishwa, nafasi hazihesabiwi

Ndugu, unauliza imekuwaje Chen, mchezaji wa Marekani wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu, aongoze programu ndefu ya Olimpiki ya 2018 halafu amalize wa tano. Hakuna aliyemwibia. Kila mchezaji huonyesha mara mbili, programu fupi kisha ndefu, na alama za zote mbili hujumlishwa zilivyo. Nafasi uliyoshika katika kila moja haina uzito wowote.

Sasa piga hesabu. Programu fupi alipata 82.27, nafasi ya 17, wakati Hanyu wa Japani, aliyetwaa dhahabu, alikuwa na 111.68. Tayari deni la alama 29.41. Programu ndefu Chen akaruka miruko sita ya mizunguko minne (katika mmoja aligusa barafu kwa mkono) akapata 215.08. Hanyu 206.17. Kwa hiyo kote huko alikomboa 8.91 tu. Jumla: Hanyu 317.85, Uno 306.90, Fernández 305.24, Jin Boyang 297.77, Chen 297.35. Nafasi ya nne ilimponyoka kwa 0.42!

Kilichomuua ni programu fupi, na ndiyo isiyosamehe. Miruko ni mitatu tu, mmoja lazima uunganishwe na mwingine. Alianguka kwenye lutz (aina ya mruko, hapa wa mizunguko minne): msimu ule ilianzia alama 13.60, majaji wakikupa -3 kwa ubora wa utekelezaji inapungua 4, kisha moja zaidi ya kuanguka, unabaki na 8.60. Mruko wa pili ukakosa wa kuunganishwa nao, na huko alama zote za ule mruko uliokosekana hupotea. Kwenye axel, aina nyingine ya mruko, nako akayumba. Kwenye programu ndefu kuna nafasi ya kupanga upya katikati ya safari. Kwenye fupi, ukikosa umekosa.