Jibu: Boti ya Jökulsárlón kwa mama mwenye magoti mabovu
Dada wa Makete, umeuliza kama mama mwenye magoti mabovu ataweza kupanda boti kati ya vilima vya barafu kwenye ziwa la Jökulsárlón, Iceland. Ataweza, ila mkatie tiketi ya ile boti kubwa yenye magurudumu: mnapandia nchi kavu, kisha inaingia majini yenyewe. Zile za mpira husogea karibu zaidi na barafu kuu inakomeguka vilima hivyo, lakini zinarusha sana. Mvalishe kama asubuhi ya baridi ya Julai huko kwenu, na glavu. Nahodha akikaa mbali na pande kubwa la barafu msinung'unike. Karibu asilimia 90 yake imezama, na huweza kupinduka ghafla. Mwongozaji huwapa kipande cha barafu ya karne nyingi mkionje. Mimi changu nilikishika mpaka vidole vikafa ganzi.