Je, Cheti cha Mtandaoni Kinaweza Kunipunguzia Masomo ya Chuo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa halmashauri wilayani Bahi, nina stashahada ya teknolojia ya habari. Mwaka jana nilikuwa nasoma kila usiku baada ya kazi, kwa bando la simu, hadi nikamaliza cheti cha Google cha huduma za kompyuta na mitandao kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni. Niliona imeandikwa kwamba cheti hicho kina thamani ya krediti 12 za chuo. Sasa nimepata nafasi ya kuanza shahada katika chuo kimoja hapa Dodoma, lakini nilipokiwasilisha, ofisa wa udahili alikitazama kidogo, akanirudishia na kuniambia kwamba hakina kazi kwao. Je, nilidanganywa na wenye kozi, au nimeonewa na chuo?
Msomaji, Bahi

JIBU: Ndugu yangu wa Bahi, hukudanganywa, na kwa maelezo yako sioni kwamba umeonewa, ingawa mtu aliyesoma usiku baada ya kutwa nzima ya kazi alistahili kupewa maelezo marefu zaidi ya hayo. Kilichotokea ni kwamba neno krediti ulilolisoma, yaani kipimo cha ukubwa wa masomo ya chuo, lina maana yake katika nchi lilikotoka, na maana hiyo haivuki mipaka pamoja na cheti.

Nchini Marekani lipo Baraza la Elimu, linalojulikana kwa kifupi kama ACE, ambalo miongoni mwa kazi zake huwatumia wahadhiri kuyapitia mafunzo yanayotolewa nje ya vyuo na kupendekeza yalinganishwe na krediti ngapi. Cheti chako kilipitiwa kwa njia hiyo na kupendekezewa krediti 12, yaani kozi nne za ngazi ya miaka miwili iliyo chini ya shahada. Hilo ni pendekezo. Baraza hilo halitoi krediti wala halina mamlaka ya kukiamuru chuo, na ndiyo maana hata huko Marekani chuo kimoja huweza kuzipokea zote, kingine kikazihesabu kama masomo ya hiari tu, na cha tatu kikazikataa kabisa. Krediti inakuwa krediti siku chuo unachosoma kinapoiingiza katika rekodi yako ya masomo. Kabla ya hapo ulicho nacho ni ushahidi kwamba umejifunza, ambao ni jambo jema lakini ni jambo jingine.

Liangalie pia suala la hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Marekani, shahada nzima ya miaka minne huwa na krediti zipatazo 120. Kwa hiyo krediti 12 za Marekani ni kama sehemu moja ya kumi ya shahada yao, ilhali krediti 12 za kwetu ni sehemu moja ya thelathini ya shahada ya miaka mitatu. Ukiibeba namba hiyo jinsi ilivyo na kuiweka mezani Dodoma, wewe na ofisa mtakuwa mnazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Ushauri wangu ni kwamba usirudi kwenye dirisha la udahili, kwa sababu uamuzi wa namna hii haufanyiki pale. Mwandikie barua Mkuu wa Idara, na nakala umpelekee Msajili. Ambatisha muhtasari wa kila kozi uliyoisoma, saa zake, namna ulivyopimwa na matokeo uliyopata, pamoja na kiungo cha kuthibitisha kwamba cheti ni chako. Kisha lichukue jedwali la masomo ya shahada yako, utafute somo moja au mawili ambayo kwa haki kabisa unaona umekwisha kuyasoma, kwa mfano misingi ya mitandao ya kompyuta au mifumo endeshi, na uombe kusamehewa masomo hayo kwa majina yake, huku ukieleza kwamba uko tayari kufanya mtihani wa chuo ili kuthibitisha. Usiombe krediti 12. Chuo Kikuu cha London, katika shahada yake ya sayansi ya kompyuta inayosomwa kwa mtandao, kilikitambua cheti hichohicho kwa somo moja tu la utangulizi, kwa hiyo ukipata somo moja usione umepunjwa. Peleka barua hiyo mapema, kabla muhula haujaanza, kwa sababu ukishalisajili na kulilipia somo, sababu ya kuomba usamehewe inakuwa dhaifu.

SWALI: Niliishia kidato cha nne na ni fundi simu hapa Kondoa kwa miaka mingi. Nikikusanya vyeti vya mtandaoni, vinaweza kuniingiza chuo kikuu bila kidato cha sita?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Peke yake haviwezi. Upo, hata hivyo, utaratibu wa kutambua mafunzo ya awali unaokubaliwa na TCU, ambapo mwombaji huwasilisha ushahidi wa aliyojifunza kazini na kwingineko, na kufanya mtihani. Vyeti vyako vitakaa vizuri katika ushahidi huo. Kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hapa Dodoma ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Zingatia kwamba utaratibu huo hukufungulia mlango wa kudahiliwa, haukupunguzii somo hata moja. Kwa upande wa ufundi wenyewe, VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, na kwa mtu wa hali yako ningeanzia huko.

SWALI: Nataka shahada ya uzamili ya sayansi ya data kutoka nje bila kuondoka Makole. Zipo kozi za mtandaoni ambazo kweli huhesabiwa?
Msomaji, Makole

JIBU: Zipo. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, kwa mfano, hudahili wanafunzi wa shahada hiyo kupitia Coursera bila kudai matokeo ya chuo ulichosoma awali: unasoma kozi tatu za mwanzo, ukipata wastani wa daraja B unadahiliwa, na kozi hizo huhesabiwa ndani ya krediti 30 za shahada nzima. Kabla ya kutuma hata senti moja, iulize TCU kwa maandishi kuhusu utambuzi wa tuzo, yaani shahada, ya chuo unachokikusudia, kwa kuwa ndiyo inayotathmini tuzo za vyuo vikuu vya nje, na mwajiri wako anaweza kukudai uthibitisho huo. Jambo la pili ni ada. Video na mazoezi vinaweza kuwa vilevile kwa anayesomea cheti na kwa anayesomea shahada, lakini krediti huandikwa kwa yule tu aliyejisajili na kulipia upande wa shahada, na akafanya mitihani ya upande huo.