Ukivuka kwenda Cramond Island, anza na nyumba za injini

Wageni wengi wanaovuka kwenda Cramond Island, kisiwa kidogo cha Uskoti kilicho katika hori ya Forth, pembeni mwa jiji la Edinburgh, hukimbilia mahali palipokuwa na mizinga, hupiga picha, kisha hurudi. Nami nilifanya hivyo katika safari zangu za mwanzo. Leo, baada ya kuvuka mara nyingi, ninamshauri kila anayependa historia aanze na majengo yanayopitwa bila kutazamwa, yaani nyumba za injini na ghala za mafuta, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza jinsi ngome ya Vita Kuu ya Pili iliyokuwa kisiwani humo ilivyokesha macho usiku.

Kabla ya yote, soma maji. Njia ya kuvukia ina urefu wa karibu maili moja na hufunikwa kabisa maji yanapojaa. Kwa kawaida ni salama kwa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baadaye, na saa za kila siku hutangazwa upande wa bara. Mimi nilikulia pwani, nikadhani ninayajua maji, nikavuka bila kusoma saa hizo. Nilirudi mawimbi yakinipiga magotini, mikono ikitetemeka kwa baridi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kupwa na kujaa huko hukaribia mita 5, na bahari hiyo haina huruma ya joto tuliyoizoea.

Sambamba na njia hiyo utaona safu ndefu ya nguzo za zege zilizosimikwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili vyombo vidogo vya adui visipenye kati ya kisiwa na bara. Ndani zaidi ya hori kuna daraja la reli la Forth na bandari ya kijeshi ya Rosyth. Tarehe 16 Oktoba 1939 ndege za Ujerumani zilishambulia meli za kivita karibu na daraja hilo, kwa hiyo hofu iliyojenga ngome hii ilikuwa na sababu.

Sasa ingia katika nyumba ya injini. Mzinga wa pwani haukuwa na faida gizani bila taa kubwa za kumulika bahari, na taa hizo, ambazo kwa kawaida zilikuwa na kipenyo cha sentimita 90, zilitoa mwanga kwa cheche ya umeme iliyowaka mfululizo kati ya ncha mbili za kaboni. Zilikula umeme mwingi, na umeme hupungua nguvu kadiri waya unavyorefuka. Ndiyo maana jenereta zilihitajika kisiwani kwenyewe. Injini zimekwisha kuondolewa, lakini jengo la aina hii husomeka hata likiwa tupu. Tazama sakafuni utafute majukwaa ya zege yaliyoinuka, yenye boliti au matundu yake, kwani hapo ndipo injini zilipofungwa zisitikisike. Tafuta mitaro ya nyaya, kisha inua macho ukutani uone matundu ya kutolea moshi na joto. Mara ya kwanza nilipotambua jukwaa la namna hiyo nilisimama kimya kwa muda mrefu, nikiwafikiria vijana waliokesha humo katika kelele na harufu ya dizeli ili wenzao waone.

Ghala la mafuta ndilo gumu kulitambua. Katika ngome za aina hii mafuta yalitengwa na injini kwa kuogopa moto, basi tafuta chumba kidogo kisicho na madirisha makubwa, na uangalie kama kizingiti chake kimeinuliwa, jambo lililosaidia kuzuia mafuta yaliyomwagika yasitoke nje.

Beba tochi, vaa viatu vya soli ngumu, na usipande juu ya dari, kwa maana nondo zilizooza hupasua zege bila kutoa dalili. Naomba pia usiwashe moto ndani wala kuandika ukutani. Nimewahi kukuta majivu juu ya jukwaa la injini, na iliniuma sana. Mimi hujipa saa moja na nusu kisiwani, nusu yake nikiitumia katika majengo haya, kisha huanza kurudi maji yakiwa bado mbali na nguzo.