Anarudia maneno yangu kama ananikejeli

SWALI: Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 17, amehamia kwangu ili awe karibu na shule. Daktari alishathibitisha kwamba ana usonji. Nikitoka nikasema, "Nakuja sasa hivi," hubaki amesimama mlangoni hadi nirudi. Wageni hawatazami usoni, wala haamkii mpaka asukumwe, na majirani wanasema hana adabu. Nikimgombeza, hurudia maneno yangu yaleyale. Nifanye nini ili tuelewane? – Shangazi, Morogoro

JIBU: Shangazi, nianze na hilo la kurudia maneno, kwa kuwa naona ndilo linalokuumiza zaidi. Si kejeli. Leo Kanner, daktari aliyeeleza habari za watoto 11 wa aina hii nchini Marekani mwaka 1943, alilitaja tangu wakati huo, na leo inafahamika kwamba mwenye usonji anaweza kurudia alichosikia ili apate muda wa kukielewa, ili ajitulize, au kwa sababu hajapata maneno yake mwenyewe ya kujibu. Unapomgombeza kwa sauti ya juu, maneno yake ndiyo ya kwanza kumpotea. Yako ndiyo yanayobaki.

Hapo mlangoni, kijana alitii ulichosema. Sisi tumezoea kusema "nakuja" huku tunaondoka, na "sasa hivi" yetu inaweza kufika jioni, lakini watu wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyotamkwa. Mwambie, "Naenda sokoni, nitarudi saa kumi na moja, wewe funga mlango uendelee na kazi zako." Ukimwuliza jambo, nyamaza umsubiri, hata kimya kikikuelemea, maana ukiliuliza tena kwa maneno mengine unamlazimu aanze upya kulifikiri. Maagizo yakiwa mengi, yaandike kwenye karatasi.

Kuhusu salamu, sikubaliani na kumsukuma. Watu wazima wenye usonji wamesimulia mara nyingi kwamba kutazamana macho kwa macho huwachosha, au huwafanya washindwe kusikiliza wanachoambiwa. (Na wengi wetu tulilelewa tusiwakazie wazee macho, kwa hiyo sioni kwa nini yeye aonekane mkosefu kwa hilo.) Kubalianeni mapema kwamba atatoa shikamoo yake kutoka pale alipo, bila kushikana mikono, kisha awe huru kwenda chumbani. Mgeni naye aelezwe kabla hajaketi, endapo kijana mwenyewe ameridhia habari zake zisemwe.

Kutoelewana huko kuna pande mbili. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba asiye na usonji hushindwa kumsoma mwenye usonji kama vile huyu anavyoshindwa kumsoma yule. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliochapishwa mwaka 2020 uliwapanga watu wazima 72 katika makundi ya wanane wanane, kila mmoja akimsimulia anayefuata hadithi aliyoipokea. Kundi la wenye usonji watupu liliihifadhi hadithi sawasawa na kundi la wasio nao. Iliharibika zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo usimwachie kijana peke yake kazi ya kujifunza lugha ya nyumba yako, bali nawe jifunze yake: akitikisa mikono au akipanga vitu vyake kwa mstari, tazama kwanza ni saa ngapi, kuna kelele gani, na nani ameingia.

Jambo moja lisingoje. Tabia yake ikibadilika ghafla, kwa mfano akaacha kula au akaanza kujipiga kichwa, mpeleke hospitali akachunguzwe meno, masikio na tumbo, kwa sababu wapo wenye usonji wanaougua kwa siku kadhaa bila kuweza kusema ni wapi panapouma.